Sura ya Tano: Kidole cha Kitchener

Mnyooshee mtu kidole cha shahada usoni bila kusema neno. Kwanza atageuka nyuma kuona kama yuko mwingine unayemlenga. Akikuta hakuna, atauliza: "Mimi?"

Nyumbani kwetu kitendo hicho kilikuwa na adhabu yake. Bibi alikuwa akisema mtu hasontwi. Husontwa mzigo, husontwa njia, husontwa mbuzi anayenunuliwa. Mtu huelekezwa kwa kiganja kilichokunjuliwa, au kwa kidevu na midomo, kama bado wanavyofanya wazee wengi. Kidole cha shahada kina kazi zake nyingine: kwa Mwislamu aliye kwenye swala hushuhudia kwamba Mungu ni mmoja, kwa mtoto wa chuoni hufuata mstari wa msahafu. Kikishamgeukia mtu usoni, kinakuwa kidole cha mashtaka. Lugha yetu haikusahau hilo, na ndiyo maana mtu aliyelaumiwa mbele za watu husemwa kuwa amenyooshewa kidole.

Bango ninalotaka tulitazame katika sura hii limejengwa lote juu ya utovu huo wa adabu.

Lilichorwa London mwaka 1914 na Alfred Leete, mchoraji wa katuni mwenye umri wa miaka 32, aliyekuwa akijipatia riziki kwa vichekesho vya magazetini na matangazo ya biashara. Mchoro wake ulitoka kwanza kwenye jalada la London Opinion, jarida la kila wiki lililouzwa peni moja, toleo la tarehe 5 Septemba. Uingereza ilikuwa imeingia vitani dhidi ya Ujerumani mwezi mmoja tu uliotangulia. Aliyechorwa ni Horatio Herbert Kitchener, Waziri wa Vita, jemadari aliyekuwa amejipatia jina kwao kwa kuishinda Sudan mwaka 1898 na kisha kwa kupigana na Makaburu huko Afrika Kusini. Jarida liliandika kwenye mchoro huo kwamba nchi yako inakuhitaji. Muda si mrefu mchoro ule ule ukatolewa kama bango la ukutani, sentimita 75 hivi kwenda juu na 50 kwa upana, na maneno yakabadilishwa. Hilo ndilo bango letu.

Juu kabisa, kwa herufi nene, limeandikwa neno "Waingereza". Chini yake kuna uso wa mtu mwenye kofia ya kijeshi na sharubu pana, na mkono mmoja ulionyooshwa. Chini ya mkono kuna neno lenye maana ya "anataka", na baada yake neno kubwa: YOU. Mwisho, kwa herufi za kawaida, msomaji anaambiwa ajiunge na jeshi la nchi yake, na Mungu amlinde Mfalme. Basi. Hamna bendera, hamna bunduki, hamna farasi, hamna adui mwenye meno ya kutisha, hamna hata mstari mmoja wa upeo wa macho kukuonyesha kwamba mtu huyu amesimama mahali fulani. Nyuma yake ni karatasi tupu.

Utupu huo ndio uamuzi wa kwanza wa kisanifu, na ningependa ukae nao kidogo. Mabango mengi ya miezi ile yalijaa vitu: ngoma, mizinga, wafalme, mistari kumi ya hoja. Mwenye kupita njiani aliweza kuchagua pa kuangalia, na mwenye kuchagua pa kuangalia anaweza pia kuchagua kuondoka. Leete hakuacha mlango wa kutokea. Ukiwa mbele ya karatasi yenye uso mmoja na kidole kimoja, jicho halina kichaka cha kujifichia.

Sasa soma sentensi yenyewe, kwa sababu ina tundu. Waingereza, fulani anataka… Nani? Jina lake halimo popote katika sentensi hiyo. Mahali ambapo sarufi ilitaka jina la mtenda, bango limeweka uso wake. Msomaji anaanza na herufi, anaingia kwenye picha, anatoka tena kwenye herufi, na sentensi inakamilika bila yeye kuhisi kwamba ameruka kutoka kusoma hadi kutazama. Ungeandika jina la Kitchener hapo, bango lingekuwa habari: mtu fulani aliyeko ofisini mwake anataka jambo fulani. Ukiweka uso, mtu huyo hayuko tena ofisini. Yuko hapa ukutani, na anakuona. Naamini hii ndiyo sehemu ya kazi ya Leete isiyosifiwa vya kutosha. Watu husifu kidole. Mimi naanza na tundu lile katika sentensi.

Uso wenyewe haukuachwa kama ulivyokuwa. Kitchener wa mwaka 1914 alikuwa na miaka 64, na waliomjua wameeleza kwamba macho yake hayakuwa sawa, moja lilikuwa likienda upande kidogo. Mtu wa kwenye bango ni kijana zaidi, ngozi imekaza, taya imechongwa, na macho yote mawili yanatazama mahali pamoja. Leete alifanya hivyo kwa sababu ya kiufundi. Bango lote lingeporomoka kama jicho moja lingekuwa linatazama dirisha la jirani. Sharubu nazo zimekuzwa mpaka zimekuwa karibu kama alama ya biashara. Ungeweza kuzichora peke yake, bila uso, na mpita njia wa London angejua ni nani.

Kisha mkono. Ni mkubwa, unakaribia kushindana na uso kwa ukubwa, na hapo ndipo ilipo siri ya umbali. Kitu kilicho karibu huonekana kikubwa. Mkono uliokuzwa hivyo unaliambia jicho kwamba umeshavuka karatasi na kuingia upande wako. Kidole chenyewe hakikuchorwa kwa urefu wake. Tunaona ncha yake tu, duara dogo la nyama, na nyuma yake vifundo vya vidole vilivyokunjwa. Kuchora kidole kinachokuja moja kwa moja kwa mtazamaji ni mtihani mgumu wa mchoraji, kwa kuwa lazima afute karibu urefu wote wa kitu na bado atushawishi kwamba urefu upo. Leete alifaulu kwa mistari michache na weusi wa vivuli.

Kwa nini kidole hicho kinakufuata? Kila mtu aliyelelewa kwenye sebule yenye picha ya babu marehemu ukutani anaujua uoga huo: ukikaa kiti cha kushoto anakutazama, ukihamia kulia anakutazama. Wengine waliambiwa ni roho ya mzee. Maelezo yake yako kwenye ubapa wa karatasi.

Nenda Dar es Salaam, kwenye makutano ya mtaa wa Samora na Azikiwe, palipo na Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Askari wa shaba ameinama kidogo, bunduki mbele, singe ikielekea upande wa bandari. Simama mbele ya singe hiyo nawe utajihisi umelengwa. Piga hatua tatu pembeni. Sasa unaiona singe kwa ubavu, unaona urefu wake wote, na haikulengi tena. Sanamu ina pande, na kila upande una habari yake. Picha haina pande. Ukienda kushoto mbele ya bango la Kitchener, huoni ubavu wa kidole, kwa kuwa ubavu haukuchorwa. Unachokiona ni ile ile ncha, imebanwa kidogo tu. Mboni bado iko katikati ya weupe wa jicho, kama mchoraji alivyoiweka. Akili yako, ambayo imezoea vitu vyenye pande, inatoa hukumu pekee inayowezekana: kama bado naona ncha ya kidole, basi kidole kimegeuka pamoja nami. Hivyo wanaume mia waliosimama mbele ya ukuta mmoja wa kituo cha treni, wengine kulia na wengine kushoto, wote walilengwa kwa wakati mmoja, na kila mmoja alilengwa peke yake.

Ujuzi huu ni wa kale sana. Mwanahistoria wa Italia Carlo Ginzburg aliandika makala nzima juu ya bango hili, akalifuatilia nyuma hadi kwa Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza. Plinio anasimulia habari za Apelles, aliyemchora Aleksanda Mkuu akiwa ameshika radi, na vidole vyake vikaonekana kana kwamba vimetokeza nje ya ubao. Anasimulia pia habari za mchoraji mwingine ambaye mungu wake wa kike alimtazama mtazamaji popote alipokwenda. Vidole vinavyotokeza, macho yanayofuata: vipande viwili vilikuwa vikisubiri kwa karne nyingi, vikapita kwenye sura za Kristo zilizochorwa makanisani, vikashuka hadi kwenye matangazo ya biashara ya siku za Leete, ambamo mtu anayekunyooshea kidole alikuwa ameshaanza kuuza bidhaa. Leete alivikuta vyote sokoni. Alichofanya ni kuviunganisha na uso ambao taifa lake lilikuwa tayari linautii.

Nilipojaribu kwa mara ya kwanza kulitafsiri bango hili kwa Kiswahili, nilikwama kwenye neno moja, na ni kukwama huko kulikonifanya nilielewe. YOU ya Kiingereza haina idadi. Ni wewe na ni ninyi. Kiswahili hakikuruhusu uvivu huo. Lazima uchague: anakutaka, au anawataka. Na bango linaanza na neno la wingi, Waingereza. Mtafsiri mtiifu angeendelea na wingi: Waingereza, anawataka ninyi. Sarufi yake ingekuwa sahihi na bango lake lingekuwa limekufa. Maana hakuna mtu aliyewahi kuamka asubuhi akaenda kujiandikisha kwa sababu ya "ninyi". "Ninyi" ni mkutano wa hadhara. Unasikiliza, unapiga makofi, unamtazama jirani ili uone kama yeye ataanza.

Kwa hiyo ni lazima tafsiri ikiuke: Waingereza, anakutaka wewe. Kuna kuruka hapo, kutoka wengi hadi mmoja, na maneno ya Kiingereza peke yake hayaruki. Kinachoruka ni kidole. Leete amekabidhi kwa picha kazi ambayo lugha yake haikuweza kuifanya: kugeuza YOU kuwa wewe. Neno la juu linakukuta katikati ya umati, umejifunika mabega ya wenzako. Uso unawatazama wote. Kidole kinakuchomoa. Unapofika kwenye neno la chini, umati umeondoka na umebaki wewe na huyo mzee. Ni safari fupi, nusu dakika haiishi, lakini nimechambua mabango mengi ya vita na sijaona jingine linalomhamisha mtu umbali mrefu hivyo kwa vitu vichache hivyo.

Tunaweza kulipima wazo hili kwa waigaji, nao walikuwa wengi. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia vitani, James Montgomery Flagg alimchora Mjomba Sam kwa kutumia uso wake mwenyewe kama kielelezo, na zaidi ya nakala milioni 4 zikachapishwa hadi vita vilipokwisha. Lugha ni ile ile ya Kiingereza, kwa hiyo kidole kilifanya kazi ile ile. Lakini mwaka huo huo Achille Luciano Mauzan alichora kwa ajili ya Italia askari wa mahandakini anayekunyooshea kidole huku maneno yakisema: timizeni wote wajibu wenu. Ni wingi! Macho ya askari yule ni makali kuliko ya Kitchener, na uchoraji wake, kwa hukumu yangu, ni bora. Hata hivyo, maneno yanamrudisha mtu kwenye umati ambao kidole kimemtoa. Miaka mitatu baadaye, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Urusi, Dmitry Moor alichora mwanajeshi mwekundu mbele ya viwanda vinavyofuka moshi, naye hasemi kwamba anamtaka mtu. Anauliza kama umeshajiandikisha kujitolea. Kirusi kina nafsi ya umoja kama Kiswahili, na Moor aliitumia bila kusita: wewe. Isitoshe ni swali, na mtu hawezi kuliacha swali hewani. Picha na sarufi zinavuta kamba upande mmoja. Katika ukoo wote wa kidole, hilo la Moor ndilo pekee ninaloona limemzidi baba yake.

Je, bango la Leete liliwapeleka vijana wa Uingereza vitani? Jibu tulilorithi ni ndiyo, na mamilioni. Kalenda inakataa. Siku ambayo watu wengi kuliko zote walijiandikisha katika jeshi la Uingereza ilikuwa tarehe 3 Septemba 1914: watu 33,204 kwa siku moja. Jarida lenye mchoro wa Leete lina tarehe ya siku mbili baadaye. Kilichowasukuma watu wale ni habari za jeshi lao kurudi nyuma kutoka Mons, ni kazi zilizokuwa zimefungwa kwa sababu ya vita, ni hasira, ni hamu ya kuona dunia. Zaidi ya yote walisukumana wao kwa wao. Kuanzia mwishoni mwa Agosti, miji ya kaskazini ya Uingereza ilianza kuunda vikosi vya marafiki: makarani wa ofisi moja, wafumaji wa kiwanda kimoja, wachezaji wa timu moja walijiandikisha pamoja kwa ahadi kwamba watatumikia pamoja. Huo ulikuwa wito wa "ninyi" katika hali yake safi kabisa, nao uliitikiwa.

Hapa inanibidi nisahihishe maneno yangu mwenyewe ya hapo juu. Nilisema hakuna mtu aliyekwenda kujiandikisha kwa sababu ya "ninyi". Walikwenda, tena kwa maelfu, wakishikana mabega. Kijana wa Accrington, mmoja wa miji hiyo ya kaskazini, alitazama kulia na kushoto, akaona wenzake wanakwenda, akaenda. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, kikosi cha Accrington kilipelekwa kushambulia kijiji cha Serre kikiwa na watu wapatao 700. Zaidi ya 500 kati yao waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena, na sehemu kubwa ya msiba huo ilikuwa imeshatokea kabla asubuhi haijaisha. Mji mmoja, mitaa ile ile, milango inayofuatana.

Bango linakuja kufanya kazi nyingine, ya baadaye. Wimbi la Septemba lilipopungua, wale waliotaka kwenda kwa makundi walikuwa wameshakwenda. Waliobaki mitaani walikuwa mmoja mmoja: mwenye mke mgonjwa, mwenye duka, mwenye mama mjane, mwoga, mwenye kupinga vita kwa dhamiri. Mtu huyo hakuwa tena na umati wa kumfunika. Mabango ya 1915 yalizidi kumsogelea. Katika moja, lililochorwa na Savile Lumley, mtoto wa kike ameketi mapajani mwa baba yake na kumuuliza alifanya nini wakati wa vita. Baba hana jibu, anatutazama. Kidole hakimo, ila lawama ni ile ile. Kidole cha Leete kilikuwa cha adabu kuliko swali la mtoto yule, na nasema hivyo nikikumbuka adhabu ya bibi.

Halafu aibu nayo ikaishiwa nguvu. Januari 1916 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwalazimisha wanaume wasiooa kuingia jeshini, na miezi michache baadaye waliooa nao wakajumuishwa. Tarehe 5 Juni mwaka huo Kitchener alikuwa njiani kwenda Urusi kwa meli ya vita HMS Hampshire. Magharibi ya visiwa vya Orkney meli iligonga bomu lililotegwa baharini na kuzama. Watu zaidi ya 700 walikufa, naye akiwa mmoja wao.

Baada ya mauti yake bango likaanza maisha mapya. Leete aliupeleka mchoro wake wa asili kwenye makumbusho ya vita ya London, Imperial War Museum, na humo ukaorodheshwa miongoni mwa mabango ingawa ulikuwa mchoro wa jalada la jarida. Kosa hilo dogo la karani lilizaa watoto wengi. Vitabu vya shule, vikombe, fulana na kumbukumbu za wazee vilianza kulihesabu jalada lile, lenye maneno yake ya nchi yako inakuhitaji, kuwa ndilo bango lililofunika kuta za Uingereza. Mtafiti James Taylor, katika kitabu alichokitoa mwaka 2013, alionyesha kwamba hakuna ushahidi wa bango rasmi la wakati wa vita lenye mchoro huo na maneno hayo pamoja. Lililobandikwa ni lile la "Waingereza", nalo halikuwa miongoni mwa yale yaliyosambazwa kwa wingi zaidi. Bango rasmi lenye picha ya Kitchener na maneno marefu ya hotuba yake ya Julai 1915 ndilo serikali ilipendelea. Nani analikumbuka hilo leo? Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wa usanifu kwamba kumbukumbu ya watu ni mhariri mkali: iliyapokea mabango yale yote, ikayafuta, ikabakiza uso, kidole na neno moja. Hata maneno iliyaazima kwenye jalada kwa sababu yalikuwa mafupi.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nilitazame bango hili kwa jicho la nyumbani. Kidole hiki kilikwisha kupita kwetu. Mwishoni mwa 1885 Kitchener, akiwa bado luteni kanali, aliletwa Unguja kuiwakilisha Uingereza katika tume ya mataifa matatu, pamoja na mjumbe wa Ujerumani na wa Ufaransa, iliyopewa kazi ya kuamua mamlaka ya Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash bin Said, yanaishia wapi barani. Tume ilipita mwambaoni ikikagua na kuhoji. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 yalimwachia Sultani ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na bara yote ya nyuma yake ikagawanywa kati ya mataifa hayo mawili. Mpaka uliotoka kwenye mapatano hayo, unaopanda kutoka mto Umba na kuzunguka Kilimanjaro, umo katika mpaka wa Kenya na Tanzania hadi leo. Kwa hiyo tunapomwona amenyoosha kidole mwaka 1914, tunamwona mtu ambaye, miaka 28 kabla, kidole chake kilikuwa juu ya ramani yetu.

Na vita vyake vilitufikia. Afrika Mashariki ya Waingereza na ile ya Wajerumani zilipigana tangu Agosti 1914 hadi Novemba 1918. Mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, barabara hazikuwepo, na mizinga, risasi, unga na dawa vilibebwa kwa vichwa vya watu. Upande wa Waingereza peke yao watu wapatao milioni moja walitumika kama wapagazi katika miaka hiyo, na waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi wao wakiuawa na kuhara, homa na njaa kabla ya risasi. Hawa hawakuchorewa bango. Sheria ya mwaka 1915 katika Afrika Mashariki ya Waingereza iliruhusu kuwachukua kwa nguvu, na mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa chini ya John Ainsworth. Amri ilishuka kwa mkuu wa wilaya, kutoka kwake kwa chifu, kutoka kwa chifu kwa mnyapara, na kila hatua ilitaja idadi: leta watu kadhaa kufikia siku fulani.

Angalia nafsi ya sarufi. Kwa Mwingereza wa 1914 bango lilisema wewe. Kwa marafiki wa Accrington mji ulisema ninyi. Mpagazi hakusemeshwa kabisa. Ilisemwa habari yake, na mtu mwingine ndiye aliyesemeshwa. Yeye alikuwa katika nafsi ya tatu: walete, wahesabu, wapeleke. Kikosi chao kilikuwa na jina la Kiingereza ambalo midomo yetu ililigeuza kuwa Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor huko Nairobi, na leo tunashuka kwenye daladala na matatu mahali hapo kununua nyanya na vitenge.

Jijini Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, kuna mnara wa kumbukumbu ya vita hivyo, ndugu wa ule wa Dar es Salaam. Hapo wamesimama watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi ya chini yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawataja askari waliopigana, kisha yanawataja wapagazi kwa maneno yenye maana kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Niliyasoma nikiwa na nakala ya bango la Leete ndani ya mkoba, nikaitoa, nikaviweka viwili hivyo kimoja juu ya kingine. Upande wa London kuna uso, na mkono unaotoka kwenye uso huo. Upande wetu kuna miguu na mikono.

Nilipiga hatua chache kuelekea kulia kwa mpagazi, kisha nikarudi kushoto. Macho yake hayakunifuata. Anatazama mbele, juu ya vichwa vya watu wanaovuka barabara, mahali ambapo hakuna mtu aliyesimama.